Mtu Anayerudisha Samaki Majini

Akina mama wa kwaya, mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake: kanisani, sokoni, hata bombani wakati nimebeba ndoo. "Mama Kabula, safari ilikuwaje? Na huyo kijana yukoje?" Nikimaliza kumsimulia mmoja, anakuja mwingine ameshasikia vibaya. Juzi nimeambiwa kwamba nilianguka mtoni nikaokolewa na Mchagga. Sikuanguka. Kwa hiyo naandika mara moja, msomeane wenyewe, nami nirudi kwenye cherehani yangu.

Bariadi, kabla ya kupakia

Kwa wasiojua mwanzo: binti yangu Kabula, mtoto wangu pekee, anafundisha shule ya msingi Mwamanyili, kule Busega karibu na ziwa. Anakaa kwa baba yake mkubwa, Mzee Masalu, kaka wa marehemu mume wangu. Mwaka jana walikuja watu kuchimba kisima pale shuleni. Maji yalipatikana, kisima kikafungwa pampu, na mchimbaji mmoja akawa anarudi kila wiki kuyaonja maji hayo kama vile kwao hakuna maji. Huyo ndiye Anselmi.

Kabula alinipigia simu akasema, "Mama, anataka kuleta posa. Ukimkataa, sitaolewa naye. Sitatoroka wala sitakununia. Ila naomba umwone kwanza, usimkatae kwa kusikia kabila tu."

Mimi nilikuwa nimeshamkataa kwa kusikia kabila. Wala sikuwa na chuki na Wachagga, maduka yao nanunua. Lakini nilijua mwisho wa habari: mtoto wangu mmoja atapandishwa mlimani kwenye migomba na baridi, na wajukuu zangu nitawaona kwenye simu wamevaa kofia za sufu. Nilichotaka ni sababu nzuri ya kukataa, sababu ambayo hata Kabula akiisikia atasema mama ana haki.

Mzee Masalu ndiye aliyepanga safari. Akaniambia, "Shemeji, kijana ana gari. Akupitishe kwa wifi yako Minza kule Nkoma, kisha kwa kaka yako Nkololo, wamwone. Halafu mje huku unipe jibu. Mtazame vizuri sasa, maana ukishampa binti hutamtazama tena."

Mnajua alichomaanisha, ingawa najua kwamba nusu yenu mjini hapa mmeshaacha. Kwetu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai pamoja wala hawali pamoja. Akiniona njiani anapisha, nami nikisikia sauti yake nazunguka nyuma ya nyumba. Ni heshima, tena kubwa. Lakini mpaka nitakapokubali, Anselmi alikuwa mtu tu kama dereva yeyote. Ningeweza kupanda gari lake, kula naye, na kumsema nikipenda.

Akaja asubuhi na pikapu yake. "Shikamoo, mama." Marahaba. Nikamwangalia anavyofunga mizigo. Mzigo wangu ulikuwa begi moja na kikapu. Wake ulikuwa fimbo za kuvulia samaki, sita, kila moja ndani ya mfuko wake wa kitambaa kama mtoto mchanga, na sanduku lenye vyumba vidogo vidogo vilivyojaa samaki wa plastiki, wengine wekundu, wengine wenye macho ya kung'aa.

"Za nini?" nikauliza.

"Napenda kuvua, mama. Kwetu, tangu mdogo, navua kwenye vijito vya mlimani. Nimesikia huku mna malambo na mito mizuri. Nitajaribu njiani, kama hutajali."

"Samaki wa huku wanakula plastiki?"

"Tutaona, mama."

Fimbo sita kwa mtu mwenye mikono miwili. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na mimi nikaona sababu yangu imejileta yenyewe kabla hata hatujatoka Bariadi.

Bariadi hadi Nkoma, kwa wifi Minza

Mwendo wenyewe si mrefu, lakini jaribuni kusafiri na mtu anayesimama kila penye daraja. Anashuka, anachungulia maji, anarudi anatingisha kichwa kama daktari. Mimi nimekaa ndani, jua linanichoma upande mmoja.

Na kila nilichosema alikubali. Nikasema pamba mwaka huu itakuwa nzuri. "Ndiyo, mama." Tulipofika mbele nikasema pamba mwaka huu ni mbaya kabisa. "Ndiyo, mama, hata mimi naona." Nikasema mahubiri ya katekista wetu ni mafupi mno. "Ni kweli, mama." Hajawahi kumsikia katekista wetu! Mngemsikia ninyi mnaosinzia kwenye benchi la nyuma. Nikajisemea, huyu akimuoa Kabula na nyumba ikishika moto, atauambia moto ndiyo mama.

Kweli pamba ya Nkoma ilikuwa mbaya. Mvua ilikuwa imekata, miche imesimama tu na majani yamejikunja. Wifi Minza, dada wa marehemu mume wangu, alitupokea vizuri, akinisalimu na kuniita mama kwa kilugha. "Mwadila, mayu! Mwadila!" Akakaza macho kwa mgeni, akatazama fimbo, akafurahi. Akaninong'oneza, "Mvuvi? Basi leo sihangaiki na mboga. Aende lamboni, mimi nasonga ugali."

Tukaenda lamboni. Maji yalikuwa yamepungua hadi katikati, ng'ombe wanakunywa upande mmoja, wanawake wanachota upande mwingine. Anselmi akachagua fimbo kwa muda ambao mtu angepalilia tuta zima, akachagua samaki wa plastiki, akaanza kurusha. Akirusha, anavuta, akirusha, anavuta. Watu wakajaa. Mzee mmoja akauliza kama kijana anapima lambo kwa ajili ya serikali.

Ghafla fimbo ikapinda. Alipambana, akaingia majini na viatu, na mwisho akatoa kambale mnene, mrefu kama mkono wangu. Watu wakapiga kelele. Mimi mwenyewe, nakiri, nilisimama. Nikaona kabisa mchuzi wa wifi Minza unavyochemka.

Anselmi akamtoa ndoano taratibu, akampiga picha, akainama, akamshika majini kama anayembatiza, akamwachia. Kambale akapiga mkia akaenda zake.

Mwanamke mmoja aliyekuwa amejitwika ndoo akaishusha, akamwaga maji yote chini. Na mwenzake akamwaga. Na wa tatu.

"Mnafanya nini?" nikawauliza.

"Mayu, mtu hawezi kumtupa samaki mkubwa vile bila sababu. Ameona kitu. Hayo maji sisi hatunywi."

Yule mzee aliyeuliza habari ya serikali akaja karibu, hasira imempanda. "Mvua imetukataa, na wewe unakuja kukataa samaki hapa? Unamaanisha nini? Umemwambia nini yule samaki? Tumekuona ukiinama!"

Anselmi akaeleza kwa Kiswahili kizuri kwamba yeye huvua kwa mchezo, kwamba samaki mkubwa ndiye mzazi, akirudi atazaa wengine. Akaeleza na kueleza. Mwenyekiti wa kitongoji akaitwa, akasikiliza yote, akatoa hukumu: "Sawa. Basi mrudishe. Mtoe yuleyule, watu wamwone mzima, wajue hukufanya kitu. Halafu mle."

"Yuleyule?"

"Yuleyule. Si wewe ni fundi?"

Akina mama, nilikaa juu ya jiwe nikacheka mpaka kanga ikanidondoka. Yule Mchagga alibadilisha fimbo zote sita. Alitupa wekundu, alitupa wenye macho, alitupa mpaka minyoo aliyochimbiwa na watoto. Alipata sato wadogo wawili; mwenyekiti akawatazama akasema, "Si hawa." Wifi Minza akaja kuuliza mboga iko wapi, ugali unapoa. Nikamwonyesha lambo.

Tulikula ugali kwa mlenda. Anselmi ulimtiririka mpaka kwenye kiwiko. Jua lilikuwa halijazama bado, mawingu yakapanda kutoka upande wa mbuga, na mvua ikapiga Nkoma mvua ambayo wifi Minza alisema haijapiga tangu wapande. Bati lilinguruma hatukusikilizana.

Asubuhi, alikuja nani? Mwenyekiti, na yule mzee, na wale akina mama wa ndoo. Wamebeba mtetea aliyefungwa miguu. "Mwangaluka, bhabha. Wabeja sana." Wanamshukuru! Yule mzee akamshika Anselmi mkono kwa mikono yake miwili, akamwuliza kwa upole kama anaweza kupita tena wakati wa palizi ya pili.

Wiki ngapi tumeombea mvua ile? Tumefunga, tumeimba, sauti ya tatu imekauka. Ikaja kushukuriwa fimbo. Nilimwambia Anselmi awaeleze ukweli kwamba hakufanya chochote. Akawaeleza. Wakamwambia wanaelewa kabisa kwamba hawezi kusema.

Nkoma hadi Nkololo, kwa kaka yangu

Njia ilikuwa tope. Mahali pawili vijana walitusukuma, na pote pawili mimi ndiye niliyeshuka nikashika mtetea, maana Anselmi alisema akibaki peke yake garini ataogopa. Mtetea aogope! Nikamwambia kuku yule kazi yake imebaki moja tu, na jioni ataifanya ndani ya sufuria ya kaka yangu.

Kaka yangu Ngassa mnamsikia kwa utajiri. Ng'ombe wake wakipita barabarani, unaweza kufua nguo na kuzianua kabla hawajaisha. Lakini nyama ya kwake hakuna mtu aliyeila. Yeye mwenyewe amekonda kama fimbo ya kuchungia, anavaa koti alilovaa kwenye ubatizo wa Kabula, na anakula matobolwa. Tulipofika tukaletewa nini? Matobolwa na maziwa ya mgando. Matamu, sikatai. Lakini viazi vilivyokaushwa na kuchemshwa unaweza kuvila kwa maskini yeyote, huna haja ya kwenda kwa tajiri.

Nikamwambia Ngassa, "Kaka, tumekuja na kuku. Mke wako amchinje."

Akamchukua mtetea, akampapasa, akamtazama machoni. "Yaya," akasema, yaani hapana. "Huyu anataga. Wa kutaga hachinjwi."

Nikamgeukia Anselmi, nikijua tayari atakachosema.

"Ndiyo, mjomba. Abaki nanyi, atage."

Kuku wangu akaenda. Nilikasirika nikaona sasa ndio wakati wa kumchongea. Nikamsimulia kaka yangu habari ya lamboni mwanzo mpaka mwisho: kambale mkubwa, ugali umeshasongwa, watu wana njaa, na huyu bwana akamrudisha majini. "Eti akue! Eti azae! Ungekubali mwanamume wa namna hiyo alishe binti yetu?"

Ngassa aliacha kutafuna. Akamtazama kijana kwa mara ya kwanza kama mtu.

"Alikuwa mkubwa?"

"Mkubwa sana, mjomba."

"Na hukumla."

"Sikumla."

"Unajua yuko wapi sasa?"

"Yuko lamboni. Pezi lake la mgongo lina pengo. Nikimwona tena nitamjua."

Kaka yangu akanigeukia, uso umemng'aa. "Dada, wewe umekaa mjini mpaka umeharibika. Huyu ni mfugaji! Mimi ng'ombe wangu nawala? Nawatazama. Nikiamka nawatazama, nawajua mmoja mmoja, nalala vizuri. Na yeye mifugo yake iko majini."

Basi wakaondoka wawili hao kwenda zizini, mfupi na mrefu, wakasimama huko wanatazama mikia ya ng'ombe mpaka giza likaingia, wanaelezana. Sijaona upumbavu ukijipata ndugu haraka namna ile. Mimi nilibaki na mke wa Ngassa, tukala matobolwa, tukimtazama yule mtetea anavyozoea nyumba.

Nkololo hadi mtoni

Tulitoka mapema ili tufike Mwamanyili kabla ya mchana. Hatukufika. Mvua ilikuwa imeshuka usiku upande wa juu, na tulipofika mahali pa kuvukia mto, hapakuwa na mahali pa kuvukia. Maji mekundu yalikuwa yanapita juu ya zege, yamebeba matawi na kandambili ya mtu. Upande wetu kulikuwa na lori la mbao, pikipiki chache, na mama mmoja aliyeshapika ugali na kuuweka kwenye beseni, anauza bila mboga. "Mboga iko ng'ambo," akasema, kwa sababu mwenzake anayeuza maharage alikuwa upande wa pili wa mto na sufuria yake, tunamwona.

Tukangoja. Dereva wa lori akalala chini ya lori. Jua likawa kali. Nilikuwa na njaa, na nikiwa na njaa mnanijua.

"Anselmi," nikasema, "leo hatucheki. Chukua mti wako ukavue, na utakachopata utakileta hapa nilipo. Umenisikia?"

"Ndiyo, mama."

Alishuka pembeni, mahali maji yalipojikunja na kutulia nyuma ya mawe. Samaki wa plastiki walikataliwa wote, kama nilivyotabiri. Mwisho akaja kuninyang'anya kipande cha ugali wangu mkavu, akakiviringa kama kidonge, akakitia kwenye ndoano ndogo. Fimbo ikatingishika. Akavuta, na nilipomwona huyo samaki nikasahau njaa.

Alikuwa ningu.

Ninyi vijana hamumjui. Zamani mvua zikianza, ningu walipanda mito kutoka ziwani kwa makundi, na watu waliwatega kwa migono. Siku hizi unaweza kumaliza miaka usimwone hata sokoni. Marehemu mume wangu, wakati huo bado ananichumbia, alikuja kwetu na mvua imemlowesha, ameshika ningu waliotungwa kwenye kamba ya katani. Hakusema kitu, alimpa mama yangu kwa mbali akageuka akaondoka. Mama alipika, nikala, na ladha ile ndiyo iliyonipeleka kwao. Tangu alipofariki sikuwahi kumla ningu tena.

Sikujua kama nitasema, nikasema. Nilimsimulia yule kijana yote, nimesimama kwenye tope, yeye ameshika samaki ndani ya maji. Nikamaliza kwa kusema, "Mlete. Huyo nitamla mimi."

Akamgeuza samaki kidogo. Tumbo lilikuwa limevimba, na alipoligusa, mayai yakatoka yakaambaa na maji.

"Mama," akasema, "huyu amejaa mayai. Anapanda kwenda kutaga."

"Nimeona. Mayai ni matamu. Mlete."

"Hapana, mama."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kulisikia neno hilo kinywani mwake tangu Bariadi.

"Unasemaje?"

"Nasema hapana. Najua unachoweza kufanya. Najua Kabula atafuata neno lako, aliniambia. Lakini wamebaki wachache, na huyu siwezi kumuua, hata kwa ajili yako. Ukinikataa kwa hilo, nikatae."

Akamwachia. Nilimwona yule ningu akikaa kidogo kwenye maji matulivu, kisha akapinda kuelekea juu, hayupo.

Nilimtukana. Sitaandika nilivyomtukana kwa sababu baadhi yenu mna wajukuu wanaowasomea. Nilimwambia ni mchoyo, hana adabu, mama yake mzazi ana hasara. Dereva wa lori aliamka akasikiliza. Anselmi alichukua ugali mwingine, akauviringa, akarudi mtoni, akaanza kurusha upya.

Alirusha mpaka kivuli cha lori kikahamia upande mwingine. Alimpata ningu mwingine, akamgusa tumbo, akamwachia. Wa tatu pia. Mimi nimekaa juu ya gurudumu la akiba, nimenuna, simtazami. Kisha nikawa namtazama. Ndipo nikaona kwamba tangu Bariadi nilikuwa natafuta kosa kwa mtu ambaye hakuwapo. Yule wa ndiyo-mama alikuwa ananiogopa mimi. Huyu hapa mtoni, aliyelowa mpaka kiunoni, sikuwa nimemwona.

Baadaye akaja juu na ningu mwembamba. "Huyu ni dume," akasema, hakunitazama. "Huyu unaweza."

Alimsafisha mwenyewe, akawasha moto kwa vipande vya mbao za dereva, akamchemsha kwenye kisufuria chake cha safari na chumvi tu. Hakukuwa na sahani. Tulikula kwenye kifuniko cha sufuria, mimi na yeye, mikono yetu kwenye chombo kimoja, ugali wa yule mama katikati. Ladha ilikuwa ileile. Miba ni mingi sana, ilikuwa hivyo hata zamani. Aliniwekea upande wangu kipande cha karibu na kichwa, na mimi nikala polepole sana, kuliko njaa yangu ilivyotaka, kwa kuwa nilijua tayari kwamba sitakula tena na mtu huyu.

Yeye aliona tu kwamba nimenyamaza. Akasema, "Samahani, mama."

Nikamwambia aangalie maji, yanapungua.

Mtoni hadi Mwamanyili

Njia iliyobaki hakusimama kwenye daraja hata moja.

Mzee Masalu alikuwa ametandika mkeka barazani, wali umepakuliwa, sato wa ziwani wamekaangwa vizuri, vichwa vimeelekea kwa wageni. Tukasalimiana. Kabula alichungulia kutoka jikoni, akanitazama usoni aone jibu, nami sikumpa. Nilimwona amekonda.

Masalu, mtundu yule, akapiga mkeka kwa kiganja. "Shemeji, kaa hapa. Kijana, wewe kaa hapa." Akatuweka tukitazamana, uso kwa uso, sahani ya sato katikati. Kisha akatulia na kunisubiri.

Nikavuta kanga nikajifunika kichwa mpaka kwenye paji. Nikachukua sahani yangu ya wali. Nikamgeuzia Anselmi mgongo, nikaenda kukaa jikoni.

Kabula aliponiona nikiingia na sahani, mwiko ulimdondoka ukaingia majivuni. Akakaa chini kwenye kigoda akajifunika uso kwa mikono, mabega yanaruka. Nikamwambia aokote mwiko.

Lakini huko barazani yule Mchagga alikuwa ameshainuka. Nikasikia viatu. Mlangoni: "Mama! Mama, nimekosa nini? Kama ni yule ningu..."

Nikatoka kwa mlango wa nyuma na sahani yangu mkononi. Akazunguka nyumba. Nikazunguka kihenge cha mahindi. Akazunguka kihenge. "Mama, naomba unisikilize! Nitavua wengine, madume watupu!" Mimi, kwa umri wangu na magoti yangu, nakimbia uwanjani nimeshika wali, nimejifunika kanga, nyuma yangu kijana analia machozi kabisa, na mbuzi wa Masalu wametimuka. Mzee Masalu alikuwa ameshika nguzo ya baraza kwa kicheko, hawezi hata kusema.

Kabula ndiye aliyetoka. Sijawahi kumsikia akipaza sauti namna ile, nadhani ni ya darasani. "Anselmi! Simama hapo hapo! Utamkimbizaje mama mkwe wako?"

Viatu vikanyamaza.

"Mama nani?"

"Mama mkwe wako. Amekukubali! Ndiyo maana anakukimbia!"

Nilikuwa upande wa pili wa kihenge, simwoni, lakini nilimsikia akikaa chini kwenye vumbi kama mzigo. Akauliza kwa sauti ndogo kwa nini hakuna mtu aliyemwambia. Ikabainika kwamba Kabula alidhani Masalu amemwambia, Masalu alidhani nimemwambia mimi, na mimi nilidhani mtu mwenye fimbo sita ana akili ya kuuliza.

Nikamaliza wali wangu palepale nimeegemea kihenge. Ulikuwa na vumbi kidogo.

Basi ndiyo hivyo. Anaponitumia salamu zinapitia kwa Kabula, na nikitaka kumtukana inabidi nimtume Kabula pia, naye nasikia anapunguza. Juzi alinitumia picha ya lambo la Nkoma. Mtu wa huko amemwambia yule kambale mwenye pengo ameonekana. Mlimani wataenda, siwezi kuuhamisha mlima.

Na ninyi mnaoniuliza kila siku yukoje, mimi sasa siwezi kuwajibu, maana nimeshamtazama mara yangu ya mwisho pale mtoni, na nilikuwa na miba mdomoni. Siku ya harusi nitakuwa upande wa pili wa uwanja, kanga usoni. Ninyi mtakaa mbele mnapokaa siku zote. Mtazameni vizuri, akicheka, akila, akimtazama mwanangu, halafu mje mnisimulie.